Diodi Tatu za Bomba la Pamba

Meza yangu ya ufundi iko Bariadi, mbele ya duka la pembejeo. Mimi si mwongeaji. Mteja akiuliza kifaa chake kina nini, nachukua mita, nagusisha ncha zake mbili, ikilia pii namwonyesha kwa kidole.

Msimu uliopita alikuja mama mmoja wa Ngulyati, amebeba mgongoni bomba la betri la kupulizia pamba.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mayu," nikamwitikia mama kwa Kisukuma.

"Hili limezima jana katikati ya shamba. Nusu nimepulizia, nusu bado, na funza wanakula vitumba kama wamealikwa. Jioni hii lazima nimalize."

Nilipima betri, ikawa na chaji. Nikabonyeza swichi, ikafanya ta, nikaiamini. Nikafungua ubao mdogo wa mota, nikakuta diodi. Diodi nzima hupitisha umeme upande mmoja tu. Kwa hii, mita ililia huku, nikageuza ncha, ikalia na kule.

"Imekufa," nikasema.

Nikaing'oa, nikachomea mpya, nikapima. Ikalia pande zote mbili. Nikachomea ya tatu. Ikalia vilevile.

Mama alisogeza kigoda. "Fundi, hizi zina ugonjwa wa kuambukizana?"

Niliendelea kugeuzageuza ncha za mita.

"Hebu niambie. Mnadani wewe unamkagua ng'ombe akiwa katikati ya kundi?"

"Hapana, mayu. Anatolewa pembeni."

"Kwa nini?"

"Utamsikia anakohoa, kumbe anayekohoa ni mwenzake."

Nilipomaliza kusema hivyo nikaona aibu, maana nilikuwa nimejijibu mwenyewe. Diodi ilikuwa imeungwa pamoja na mota. Umeme wa mita ulikuwa unapita kwenye mota, na mimi naihukumu diodi. Nikachomoa mguu wake mmoja kwenye ubao, nikapima tena. Nzima. Nikaokota ile ya kwanza niliyoitupa kwenye kopo. Nayo nzima.

"Kwa hiyo umezika walio hai," mama akasema, akakunja kanga yake vizuri magotini.

Safari hii nikaitenga swichi na nyaya zake, nikaibonyeza. Ikafanya ta, lakini mita ikakaa kimya. Ndani maji ya dawa yalikuwa yameshakula bati lote la kuunganishia umeme. Nikaweka swichi nyingine, mota ikaunguruma. Mama akaelekeza bomba kwangu na kubonyeza; maji safi ya kusuuzia yaliyobaki ndani yakanilowesha shati.

"Hayo ni ya wale wawili uliowazika hai," akasema, akalibeba bomba na kuwahi bodaboda. Jua lilikuwa bado juu.

Wiki chache baadaye nilimwona anapita dukani. Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilianza mimi.

"Mayu, ile nusu ya pili?"

"Ipo. Vitumba vimebaki vya kutosha." Akaangalia redio iliyofunguliwa mezani kwangu, kisha akamgeukia mwenye redio aliyekuwa anasubiri. "Kwanza muulize fundi kama ameshamtoa ng'ombe kundini."