Mto Mkavu Kwenye Skrini

Mchezo wa kwanza wa kompyuta nilioupenda ulikuwa wa kujenga kijiji. Maji yake yalinishangaza: yaligonga mawe yakarudi nyuma, yakatoa povu, yakapinda kufuata ukingo. Kiangazi kilipofika mto ule ukakauka, wala sikuhangaika. Niliwatuma watu wangu wote wakachimbe mtoni. Walichimba hadi kwenye mwamba, na kijiji kizima kikafa kwa kiu huku nikingoja maji yatokee.

Dada yangu mkubwa alicheka hadi akakaa chini. "Waliotengeneza hii kitu hawajawahi kuona mto," akasema.

Kwetu, nje ya Kathonzweni, mto wa kiangazi ni mchanga mtupu. Maji yako chini yake, na anayeyataka huenda na jembe na kikombe.

Kuandika programu nimejifunza mwenyewe, kwa video za bure na kwa kukosea. Nilipochunguza, niliona kwamba michezo mingi hugawa ardhi katika vyumba vidogo vya mraba. Kila chumba hushika kiasi fulani cha maji, kikizidiwa humwagia jirani aliye mahali pa chini zaidi. Kwa ziwa inatosha. Povu na mng'ao ni mapambo tu. Lakini chini ya uso wa ardhi hakuna kitu, kwa hivyo maji hayawezi kuzama yakakaa. Nikaanza kutengeneza mchezo wangu, wenye mto wa kwetu.

Nilimwahidi dada kwamba angekuwa wa kwanza kuucheza kabla likizo yake haijaisha akarudi kazini Kitui. Kila aliponiuliza nilisema bado. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kila maji ya mchezo yalipopita mchangani, tone moja lilipotea kwenye hesabu, na sikujua linaenda wapi. Nililiwaza hata nikila.

Jumamosi, siku moja kabla hajaondoka, tulienda mtoni kuteka maji. Tulipokwisha kuchimba, nikalala kifudifudi kando ya shimo.

"Unaliombea?" akauliza.

"Naangalia maji yanavyoingia."

"Basi angalia ukishika kikombe."

Alichota maji ya kwanza, yenye tope, akayamwaga, akaketi. Ukuta wa shimo ulibomoka kidogo. Maji yakachafuka, yakatulia, yakaanza kuongezeka taratibu, na hapo nikaona yanapenya kutoka pembeni. Yangu, kwenye mchezo, yalikuwa yakipanda kutoka chini tu. Jioni ile nilirekebisha. Tone liliendelea kupotea.

Jumapili, baada ya kanisa, alisimama mlangoni na begi lake. "Leta hiyo laptopu. Gari ya Kitui hainingoji."

Nilimpa. Akachimba mtoni, maji yakaja. Bila kuambiwa, akayamwaga ya kwanza, akaondoa mkono kwenye kipanya na kukunja mikono, kama aliyeketi mchangani. Pembeni mwa shimo, chumba kimoja kikawa kinawaka na kuzima.

"Hapo pana kosa," nikaanza. "Kuna tone linapotea, nilikuwa nataka kwanza..."

"Limenywewa na jua. Nyamaza, kashimo kanajaa."

Kalijaa. Akachota maji safi, akampa ng'ombe wa mchezoni, akacheka peke yake. Kisha akatoa flashi kwenye begi.

"Niwekee. Nitawaonyesha wenzangu kazini, wale waliotoka mbali hawajui mto."

Niliomba wiki moja zaidi. Akaninyooshea flashi. Nikauweka mchezo humo, na kosa lake, nikambebea begi hadi barabarani.