Kifua cha Mama na Kifua cha Baba

Mama alikuwa na pumu tangu utotoni, na nyumba yetu ya Salale, katikati ya mikoko ya delta, ilipangwa kwa kuifuata. Kitanda chake kilikaa karibu na mlango. Majani ya mnanaha, ambayo huchomwa ili mgonjwa avute moshi wake, yalikaushwa juu ya paa mwaka mzima. Kifua chake kikianza kulia filimbi, sisi watoto tulijua la kufanya kama tulivyojua kuteka maji: kumkalisha, kumwinamisha mbele, kuwasha majani, kuacha kumsemesha. Baada ya saa moja au mbili filimbi ilipungua, akakohoa, akauliza nani kaacha wali bila kawa.

Baba hakuipenda ile pumu. Alikuwa mkata mikoko, mtu wa kubeba boriti mbili mbili begani mpaka majini, ambako Bwana Misitu wa Mwingereza alizigonga nyundo yenye alama ya serikali. Alishikilia kwamba pumu huambukiza, kwa hiyo alikuwa na kata yake ya kunywea maji, na ole wake atakayeigusa. Mama hakubishana naye. Alisema tu kwamba amemzalia mtu huyo watoto watano, na kama pumu huambukiza basi ilikuwa imeshapata nafasi za kutosha bila kuhitaji kata.

Mwaka mambo haya yalipotokea nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya kupewa talaka, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili. Kaka zangu walikuwa kambini kwenye mikoko. Asubuhi moja baba, aliyekuwa akikata karibu na nyumbani, alirudi bila boriti. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Akaketi kizingitini, mkono kifuani, akamwambia mama kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi:

"Haya, umeniambukiza."

Akaagiza mnanaha. Nami nikainuka kuyachukua majani, maana kwetu mtu akishika kifua aliwashiwa moshi. Hatukuwa na dawa nyingine ya kifua, wala ugonjwa mwingine wa kifua. Mama akanizuia. Akapiga magoti, akaweka sikio mgongoni mwa baba, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaanza kumhoji kama karani wa baraza. Pumzi inakataa kutoka? Baba akasema inatoka na kuingia, ila haimtoshi. Amekohoa? Hapana. Anaumwa wapi? Katikati ya kifua, akasema, kama kuna mtu amemlaza boriti hapo kisha akaikalia, na maumivu yanashuka mkono wa kushoto na kupanda tayani. Alikuwa pia na kichefuchefu. Mama akampangusa paji la uso. Jasho lilikuwa la baridi.

"Hii siyo yangu," mama alisema. "Yangu hailii kimya, na wala haiumi mkono."

Baba alikasirika kweli. Alikuwa ameikwepa pumu kwa miaka yote hiyo, na sasa imempata anaambiwa hanayo. Jirani mmoja, bibi kizee aliyeingia kutusaidia kutazama, naye akauliza ni mke gani huyu anayemnyima mumewe moshi. Mama akajibu kwamba kila akivuta moshi ule moyo wake hukimbia mpaka anausikia masikioni, na moyo wa huyu hautakimbizwa na mtu leo. Kisha akaniambia nichukue makafi.

Maji yalikuwa yanajaa, kwa bahati. Tulimlaza baba mtumbwini, mimi nikakaa mbele na mama nyuma. Zahanati ilikuwa upande wa bara, pale malori ya boriti yalipoanzia njia ya kwenda Kibiti. Mama hakutakiwa kupiga kafi hata kidogo. Sote watatu tulilijua hilo, na hakuna aliyelitaja, kwa kuwa wa kumpokea hakuwepo. Kabla hatujafika nusu ya safari filimbi ikaanza nyuma yangu. Kafi lake halikusimama. Niliogopa kugeuka. Baba alilala macho wazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakulalamikia kelele hiyo.

Wapakiaji wa boriti walimbeba mpaka kwenye baraza ya zahanati. Dresa, mganga wa zahanati, alipotoka alikuta wagonjwa wawili: mzee aliyelala kimya, na mwanamke aliyeinama akishikilia nguzo, kifua kikilia mpaka wapakiaji wakawa wanamtazama. Akamwendea mwenye kelele. Hata mimi ningefanya hivyo. Alikuwa ameshatayarisha sindano mama alipousukuma mkono wake.

"Huyo," alisema. "Kwanza."

Dresa akasema mzee ametulia.

"Ndiyo," mama akasema, akavuta pumzi. "Ndiyo ubaya wake."

Dresa akamshika baba mapigo ya mkono, akaacha kutubishia. Alimdunga sindano ya kutuliza maumivu, akamkataza hata kuketi, akaagiza apelekwe hospitali amelazwa kwenye godoro nyuma ya lori. Hapo ndipo alipomrudia mama. Aliniambia ni moyo, na kwamba aliyeutambua amemwokoa mtu.

Baba alirudi baada ya majuma kadhaa, amekatazwa kubeba mizigo. Akawa anasuka makanda na kuwaeleza wageni habari ile, akimsifu mama mbele yake, jambo lililomwaibisha mama kuliko matusi. Watu wakaja kumuuliza mama habari za vifua vyao. Aliwafundisha kwamba kinacholia filimbi ni pumu, mtu asubiri. Kinachobana bila sauti ndicho cha kutiwa mtumbwini. Mimi nilimuuliza kwa nini siku ile alimpisha baba atibiwe kwanza.

"Yangu naijua," alisema. "Huwa inapita."

Masika yaliyofuata pumu ilimshika mama alasiri moja akipepeta mchele. Tulifanya yote. Baba mwenyewe aliwasha majani. Safari hii haikupungua upesi. Midomo yake ikawa na rangi ya majivu, na hakuweza kutujibu. Kisha filimbi ikafifia, ikakoma. Baba akaweka sikio mgongoni mwake, kama yeye alivyomfanyia, akasikiliza, akaniangalia kwa furaha.

"Imepita," alisema. "Kimya kabisa."

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba pumu nayo hunyamaza, pale pumzi isipopita tena. Mtumbwi ulikuwa umefungwa mbele ya nyumba, na maji yalikuwa yamejaa. Nilikwenda kumpikia uji, na niliporudi alikuwa amekufa, baba bado ameweka sikio mgongoni mwake.