Tiketi Kumi na Tisa za Tak Mal-sun

Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne na dakika tano asubuhi, Tak Mal-sun alinunua tiketi nne za filamu ambayo hakuwa na nafasi ya kwenda kuitazama. Risiti imo kwenye simu yake: sinema ya Sangju, Jumanne inayofuata, saa nne na dakika ishirini asubuhi, viti A1, A2, A3 na A4. Hivyo ni viti vya mstari wa mbele kabisa, kona ya kushoto, ambako mtazamaji huona kidevu cha msanii kabla ya kuona uso wake. Alivichagua kwa makusudi. Mkono wake wenye glovu ulikuwa umeshika tunda la persimoni, na usio na glovu ulikuwa umeshika simu.

Kwa hizo nne alikuwa amefikisha tiketi kumi na tisa. Filamu yenyewe alikuwa hajaiona hata mara moja.

Mashabiki wenzake huita jambo hilo kutuma roho. Mwili una kazi, au uko mbali, au umekwisha kuiona filamu mara sita. Basi mtu hununua tiketi, roho inakwenda kukaa kitini, na baraza la filamu linahesabu mtazamaji mmoja. Adabu yake ni kwamba roho hukaa pabaya. Viti vya katikati huachiwa wenye macho.

Mal-sun ana miaka sitini na saba. Aliolewa katika nyumba ya Gu mwaka 1979, akalikuta banda la kuanikia persimoni, na tangu mwaka huo hajawahi kutoka Sangju kati ya nusu ya Oktoba na mwisho wa Novemba, majira ambayo matunda humenywa na kutundikwa. Alikosa harusi mbili za upande wa kwao. "Na zote mbili zimevunjika," anasema, "kwa hiyo sikukosa kitu." Mumewe alifariki mwaka 2017. Mashine ya kumenya bado ni ile aliyoinunua marehemu: unachomeka tunda, linazunguka, ganda linatoka kama utepe, unalitoa, unachomeka jingine. Mal-sun humenya matunda elfu mbili kwa siku, peke yake, redio ikiwa imewashwa.

Redioni ndiko alikompata Mo Tae-gyeong. Huyu ni mwimbaji wa trot, zile nyimbo za mapenzi na majuto walizozipenda wazazi wa Mal-sun, ambazo sasa vijana wenye suti za kumetameta wamezirudisha mjini. Mara tano Mal-sun amejaribu kupata tiketi ya tamasha lake mtandaoni. Safari ya mwisho alikuwa mtu wa 61,412 kwenye foleni, na uwanja ulijaa akiwa bado anatafuta miwani. Tamasha hilohilo ndilo lililofanywa filamu. Ilitoka tarehe 25 Oktoba, wiki ambayo hakuna mwenye persimoni Sangju anayeruhusiwa hata kuumwa.

Hapo ndipo anapoingia wifi yake.

Gu Hwa-ja, miaka sitini na minne, ni dada mdogo wa marehemu mume wa Mal-sun. Anakaa mwendo wa dakika nne kutoka bandani, na hajawahi kuutembea mwendo huo akiwa amefunga mdomo. Yeye ni shabiki wa Ok Seung-jae, mwimbaji mwingine wa trot, ambaye filamu ya tamasha lake ilitoka mwaka jana na kufunga hesabu kwa watazamaji 214,306. Hwa-ja aliitaja namba hiyo sikukuu ya mavuno, akaitaja kwenye kumbukumbu ya kifo cha kaka yake, kati ya kumimina pombe na kuinama. Mashabiki wa Seung-jae huvaa vizibao vya rangi ya damu ya mzee. Wa Tae-gyeong huvaa kijani cha parachichi. Mawifi hawa wawili wamewekeana dau: filamu itakayozidiwa, shabiki wake atavaa kizibao cha mwenzake siku nzima ya kutengeneza kimchi, ile kabichi ya pilipili inayochachushwa kwa ajili ya majira ya baridi, mbele ya ukoo wote wa Gu.

Mjukuu wa Hwa-ja, binti wa miaka kumi na tisa ambaye kundi la wasichana analolishabikia lina filamu yake pia, aliwahi kuzitazama namba zote mbili kwa dakika nzima. "Bibi," aliuliza, "hapa mnagombania nafasi ya ngapi?"

Ijumaa tarehe 17, filamu ya Mo Tae-gyeong ilikuwa na watazamaji 210,655. Hwa-ja aliingia bandani saa mbili asubuhi, simu mkononi.

"Wifi, umeamkaje? Mimi nimeamka na laki mbili na elfu kumi na nne, mia tatu na sita. Wewe?"

"Mimi nimeamka na kazi."

"Pole. Wenzio wa kijani wamelala, nini? Jana mmeongeza watu mia tisa tu, nchi nzima. Kwenye mazishi ya mwenyekiti wetu wa mtaa walikuja wengi zaidi."

"Walikuja kuhakikisha."

Hwa-ja alivuta kreti tupu akakaa. "Lakini nasikia filamu yenu si mbaya. Ile sehemu anayokaa ukingoni mwa jukwaa akavua kiatu, umeionaje?"

"Nzuri sana," alisema Mal-sun. "Inatia huruma."

"Hakuna anayevua kiatu."

Mashine iliendelea kuzunguka bila tunda.

"Umeiona?" Mal-sun aliuliza.

"Nikaione kwa kosa gani? Nimetunga sasa hivi, nikiwa nimekaa hapahapa."

"Basi unajuaje kama hakuna kiatu?"

"Sijui. Lakini na wewe hujui, wifi. Hiyo ndiyo habari ya leo. Tiketi kumi na tisa! Roho imekwenda sinema mara kumi na tisa, na mwili haujui kama mtu kavua kiatu."

Mal-sun alichomeka tunda jingine, akalimenya, akalitundika. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mwenyekiti wa tawi lake la mashabiki. Jumatano sinema ya Sangju inabadilisha filamu. Onyesho la mwisho ni Jumanne asubuhi. Makreti yaliyobaki ni sabini, matunda elfu saba. Yeye anamaliza elfu mbili kwa siku, na Jumapili nzima ni ya kupanga yaliyokwisha kukauka kwa ajili ya mnunuzi. Tunda likilainika kwenye kreti halimenyeki tena. Ameipiga hesabu hiyo kila namna, na Jumanne saa nne asubuhi inamkuta palepale kwenye mashine.

"Nitaiona kwenye simu siku moja," alisema.

"Kwenye simu atakuwa na ukubwa wa kidonge cha kichwa."

"Kidonge kinatibu."

Hwa-ja alichukua persimoni moja iliyoiva bila kuomba, kama alivyofanya kila siku kwa miaka arobaini, akaondoka.

Jumapili saa moja na nusu asubuhi alirudi. Nyuma yake walikuwa wanawake watatu wa tawi la Ok Seung-jae, wote na vizibao vyao vya damu ya mzee, kila mmoja na glovu zake mfukoni. Mmoja, Bi Pyo, alikuwa amebeba mashine yake ya kumenya mgongoni, imefungwa kwa blanketi kama mtoto.

"Tuelewane kwanza," alisema Hwa-ja kabla hajaulizwa. "Tumekuja kuokoa persimoni. Huyo Mo wako hatumjui."

"Nani kawaita?"

"Persimoni. Wifi, mimi nataka ukaione hiyo filamu ili ukitoka useme mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba yetu ilikuwa bora. Mtu ambaye hajaona hawezi kukubali kushindwa. Ananiharibia ushindi."

"Na nikiona nikasema yetu ndiyo bora?"

"Hapo nitajua kwamba shida haikuwa tiketi, ni macho."

Walimenya na kupanga Jumapili na Jumatatu, siku mbili kamili, mashine mbili zikizunguka na Bi Pyo akitundika. Sharti lao lilikuwa moja tu: redio izimwe na spika yao ipigwe. Spika ilikuwa na nyimbo za Ok Seung-jae peke yake. Mal-sun alivumilia mpaka Jumapili saa tisa.

"Matunda yangu yatakuwa machungu," alisema.

"Yatakuwa na mvuto," alijibu Bi Pyo. "Kwa mara ya kwanza."

Kreti la sabini liliisha Jumatatu saa kumi na dakika ishirini alasiri. Hwa-ja alivua glovu akatangaza kwamba kesho anakwenda sinema pia, kuwa shahidi. Lakini alitoa maelezo, na aliyatoa mara mbili ili yasipindishwe: hatanunua tiketi. Hataiongezea filamu ya kijani hata mtu mmoja. Mal-sun ana viti vinne, vimekwisha kulipiwa, vimekwisha kuhesabiwa. Atakalia kimojawapo. "Huyo mtazamaji mlishamhesabu wiki iliyopita," alisema. "Mimi naleta makalio tu."

Jumanne tarehe 21, ukumbi wenye viti themanini na vinane ulikuwa umeuza tiketi arobaini na moja. Waliokaa ni watu saba. Mistari ya mbele na viti vya pembeni vyote vilikuwa vimenunuliwa na havina mtu. Katikati, mstari wa H, palikuwa peupe. Mal-sun alivaa kijani, akiwa na kijiti chake cha taa, kile ambacho mashabiki humpungia mwimbaji. Hwa-ja alivaa damu ya mzee, akiwa na mfuko wa viazi vitamu vya moto. Walikaa A1 na A2, matangazo yakaanza.

Mal-sun aliinua shingo mara moja tu.

"Sikumenya matunda elfu saba nije kuangalia kidevu," alisema. Alitoa simu, akabonyeza, akasimama. Alikuwa amenunua H8. Hiyo ni tiketi ya ishirini, na ya kwanza aliyomnunulia mwenye mwili.

"Twende, wifi. Nikukatie na wewe H9."

"Thubutu! Nitabaki hapa. Mimi ni mtu wa msimamo."

"Basi hamia tu bure. Hakuna wa kukufukuza."

"Unione mwizi? Mbele ya roho thelathini?"

Kwa hiyo Hwa-ja alibaki A2 peke yake. Lilikuja tangazo la gari, aliona tairi. Lilikuja tangazo la kuku wa kukaanga, na kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe aliona goti la kuku lenye ukubwa wa friji, na juu ya goti hakuona kitu. Alijaribu kuegemea kulia. Alijaribu kulalia mkono. Dakika sita baadaye taa zilianza kuzimwa, na Mal-sun, akiwa H8, aliuona mwanga wa simu ukiwaka kule mbele, na uso wa wifi yake juu ya mwanga huo, miwani puani, kidole kimoja kikitafuta.

Kisha Hwa-ja alikuja akainamainama kati ya viti, akakaa H9.

"Usiseme neno," alisema.

"Sijasema."

"Ni shingo yangu iliyonunua. Moyo haumo."

"Karibu, mtazamaji."

"Nimesema usiseme!"

Filamu ni ya saa moja na dakika arobaini na nane. Mal-sun alitikisa kijiti chake cha taa kwa nyimbo zote, na katika wimbo wa nne, kamera iliposogea mpaka uso wa Mo Tae-gyeong ukajaza ukuta mzima, alikishusha na kukisahau mapajani. Alilia mara mbili kwa mujibu wa Hwa-ja, mara moja kwa mujibu wake mwenyewe. Hwa-ja alimaliza viazi vyote kufikia wimbo wa sita, na katika wimbo wa tisa, unaojulikana na kila mtu, mguu wake ulipiga sakafu. Anasema ulikuwa umekufa ganzi. Hakuna aliyevua kiatu. Mal-sun alihakikisha.

"Haya, sema," Hwa-ja alimwambia kwenye ngazi. "Yetu ilikuwa bora."

"Yenu sijaiona," alisema Mal-sun. "Ilitoka wakati wa persimoni."



Asubuhi iliyofuata filamu ya Mo Tae-gyeong ilikuwa na watazamaji 212,938, Hwa-ja akiwa mmoja wao. Bado inaonyeshwa katika miji tisa, na inahitaji wengine 1,369 ili kuipita ile ya Ok Seung-jae. Hwa-ja amesema kama akishindwa kwa mtu mmoja ataingia kwenye pipa la kimchi na kujifunika. Hesabu inafungwa Alhamisi tarehe 30 Novemba. Jumamosi ya tarehe 2 Desemba ukoo wa Gu unatengeneza kimchi uani kwa Hwa-ja, kabichi mia moja na ishirini, na mmoja wa mawifi hawa atavaa kizibao cha mwenzake.