Boksi la Nne Lilianza Kumwaga Unga Katikati ya Ibada

Jamani, kuna hofu huwezi kuikimbia kwa sababu umeitengeneza kwa mikono yako mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa kanisani, Jumapili ya kipaimara, nikaona unga wa mbao unadondokea bega la binti mmoja aliyevaa gauni jeupe. Akajipangusa, akaendelea kuimba.

Nikaangalia juu. Boksi la spika lilikuwa limeshuka kama upana wa kidole.

Na hilo boksi nililining'iniza mimi.

Naitwa Elick, fundi seremala wa Kihanga. Wiki tatu kabla ya siku hiyo niliitwa kwenye usharika mmoja kule Kimuli, niwatengenezee maboksi manne ya mbao ya kuning'iniza spika kwenye dari. Maboksi yenyewe yalitoka safi, hapo sijidai.

Matatu niliyafunga kwenye kenchi, zile mbao nene zinazobeba paa. La nne walilitaka juu ya mabenchi ya mbele, na pale kenchi ilikuwa mbali. Ilitakiwa nitoboe dari, nipitishe boriti. Jioni imeshaingia, mgongo unauma, uvivu ukanishika. Nikachomeka kulabu kwenye papi, vile vijimbao vyembamba vinavyoshikilia siling bodi.

Mzee Kaijage, mzee wa kanisa aliyekuwa ananisimamia, akauliza kama itashika. Nikamwambia alete mkungu wa ndizi.

Akaleta mkungu wa haja. Tukauning'iniza, asubuhi tukaukuta palepale. Mzee akacheka, akanisifu, nikarudi kwangu kifua mbele.

Huku kwetu wengi ndivyo tunavyopima. Shida ni kwamba mkungu haupigi besi. Spika inatetema, na ikitetema, kulabu inajipanulia tundu kidogo kidogo. Hilo lilinijia nikiwa pale benchini, nimeshachelewa.

Chini ya boksi walikaa watoto ishirini na wawili wa kipaimara.

Kwaya ikapandisha, kinanda kikanguruma, unga ukamwagika tena. Watu mia kadhaa ndani ya kanisa, nikaona ni mimi peke yangu ninayejua.

Sasa usiniulize kwa nini sikupiga kelele. Mchungaji alinialika ili anishukuru mbele ya watu. Tena kulikuwa na wageni kutoka Kituntu waliokuja kuangalia kazi yangu, nao wanataka maboksi kama hayo. Nikasema wimbo ukiisha litatulia. Nikakausha. Nikamwomba Mungu alishike, yaani niharibu mimi halafu Yeye ndiye ashike.

Ubeti wa pili, boksi likainama upande.

Nilijikuta nimesimama.

"Baba Mchungaji, samahani. Hilo boksi nimelifunga vibaya. Naomba watoto watoke pale."

Kwaya ikanyamaza. Watu wakaniangalia kama mtu aliyeamkia lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mchungaji hakubishana, akawaonyesha watoto wasogee ukutani. Yule binti wa gauni jeupe alishatoka, halafu akarudi kuchukua kitabu chake cha nyimbo.

Akatoka.

Gideon, fundi mitambo wa kwaya, akazima spika. Tukasubiri. Boksi halikuanguka. Minong'ono ikaanza, na mimi nikaanza kuona aibu, nikiwaza jinsi nitakavyorudi Kihanga na jina la mwendawazimu.

Papi ikalia kaa!

Boksi likashuka na spika yake, likavunja benchi la mbele katikati.

Mama mmoja akaanza kulia, Kokubanza, anayefagia kanisa.

"Waitu, mwanangu," akaniambia, "huo unga nimeufagia siku tisa. Nikasema fundi anajua."

Gideon akainamisha kichwa. Akasema na yeye aliliona linacheza tangu mazoezi ya Alhamisi, ila akaogopa kuonekana anaingilia kazi ya mwenzake.

Aliyenimaliza ni Mzee Kaijage. Alinisogelea taratibu.

"Siku ileile niliona kulabu haikufika kwenye kenchi," akasema. "Ndiyo maana nikauliza. Ulivyosema mkungu, nikaona nikikataa nitakuaibisha, na wewe ni mgeni wetu."

Nikakaa chini palepale sakafuni.

Kumbe tuliokuwa tunajua tulikuwa wanne. Wasiojua ni wale watoto ishirini na wawili.

Ndugu zangu, heshima ni kitu kizuri na sisi watu wa huku tumelelewa nayo. Ila ukiona kazi yangu ina kasoro, niambie usoni, hata mbele ya watu. Nitanuna, sikatai. Bora ninune mbele yako kuliko nije kulia msibani kwako.