Bakuli la Hoho Lililorudi Tupu

Kila nikichoma hoho, inanibidi nigeuze uso pembeni. Si kwamba moshi wake ni mkali. Moshi wa hoho ni mpole kuliko wa vitunguu. Ni ile sauti yake. Ngozi ya kijani ikishapata moto inapasuka taratibu, tsss, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, halafu inapanda harufu tamu yenye uchungu kwa mbali, kama ya majani mabichi yaliyoachwa juani. Wateja wangu hapa gengeni Makorora, Tanga, huniona nikipangusa macho kwa ncha ya khanga, wakapiga kelele, "Da Mishi, leo jiko limekuweza!" Nami nacheka. Kucheka mimi sikunyimwa; ninacheka na huku naota siku moja nitakuwa na hoteli yangu yenye viti vya kuegemea. Lakini wewe unayesoma hunijui, nami sikujui, kwa hiyo nitakueleza kwa nini nageuza uso.

Nilikuwa darasa la tatu, na tulikaa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ilikuwa miaka ya dhiki. Sukari ilikuwa kitu cha kuhadithiwa. Vyombo tulisugua kwa majivu na majani ya mpapai, na mafuta ya kupikia tuliyajua zaidi kwa jina kuliko kwa sura. Unga ulikuwa wa njano, na watoto tulikuwa tunaukunjia pua kana kwamba kulikuwa na wa rangi nyingine wa kuchagua.

Hoho, lakini, zilikuwapo. Malori yaliteremka nazo kutoka Lushoto pamoja na kabichi na karoti, na njiani zikatikiswa mpaka nusu yake zikafika zimelegea. Mama yangu alijua saa. Haendi sokoni asubuhi. Huenda alasiri, wakati wauzaji wameshachoka kuzitazama, wakazimwaga chini kwa mafungu. Watu wengi wa mtaani kwetu waliiona hoho kama pambo la kachumbari. Mama aliiona chakula.

Alizipika hivi. Ya kwanza ilikuwa ya kuchoma: anazilaza juu ya makaa mpaka ziwe nyeusi pande zote, anazifunikia ndani ya sufuria zitoe jasho, kisha anazimenya kwa vidole. Anazichana, anatia chumvi na ndimu, anamiminia tui zito lisilopikwa. Kwa ugali wa njano, ukila hiyo husemi tena habari za rangi. Ya pili ilikuwa ya kujaza. Anakata kikonyo kama kifuniko, anatoa mbegu, anajaza muhogo uliopondwa na nazi iliyokunwa, na kama ipo, samaki kidogo. Anazipanga kwenye sufuria zimesimama bega kwa bega kama wanafunzi mstarini, anatia tui jepesi hapo chini, anafunika. Tone la mafuta halikuhitajika, maana nazi tulikuwa nazo. Hata zile mbegu hakutupa. Alizitwanga na chumvi zikawa cha kulambia embe mbichi.

Ukutani kwetu upande wa nyuma, uchochoro tu ukitutenga, alikaa Mama Yasmini. Walikuwa Waislamu wenye asili ya Kihindi, wazaliwa wa Tanga tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Mumewe alikuwa amefariki, bintiye Yasmini ameolewa Mombasa, akabaki yeye na mama mkwe wake, bibi kizee wa kitandani, ambaye mimi nilimjua kwa kikohozi tu nyuma ya pazia. Mbele ya nyumba ile kulikuwa na duka lao. Nakumbuka rafu zake: mishumaa, nyembe, na makopo ya rangi ya ukuta ambayo miaka ile hakuna aliyekuwa na haja nayo.

Mama na Mama Yasmini walikuwa mashoga. Ramadhani ikiingia, kabla ya magharibi mama alijaza bakuli moja la bati lenye mzunguko wa buluu, akalifunika kwa kawa, akanipa nipeleke. Na kwetu bakuli la futari halirudi tupu. Aliyeletewa hutia chochote alichonacho, hata kidogo, ndipo hukirudisha chombo cha watu. Zamani lilirudi na bajia za dengu, za moto, ambazo nilizipunguza njiani. Ile Ramadhani ninayoisimulia, lilianza kurudi na ndimu mbili. Halafu ndimu moja. Halafu majani ya nanaa. Siku moja niliinua kawa nikakuta ua moja la asumini, limelala katikati ya bakuli peke yake.

Nilicheka njia nzima. "Mama, leo tumeletewa ua! Tulile na chumvi?"

Mama hakucheka. Alilichukua akalichomeka kwenye nywele zake, akasema, "Kesho utapeleka mapema zaidi. Yule bibi wa ndani hana meno, hoho ndizo anazoweza kumeza." Niliona ni maneno ya watu wazima tu, nikakimbilia kucheza.

Upande wa pili wa barabara alikaa Tatu, mwenzangu wa chuoni, tuliyesoma naye Kurani kwa mwalimu mmoja. Tatu alikuwa na ulimi ambao hata watu wazima waliukwepa. Kila nikitoka na kawa langu alikuwa kibarazani ananingoja.

"Haya, pisheni! Msafara wa hoho huo unapita!"

"Nyamaza wewe."

"Mishi, nyie hamuoni haya? Mnawapelekea majani watu wenye duka? Wale nyuma ya mlango wana magunia ya mchele mpaka darini. Hizo zenu wanampa paka."

"Hawana paka."

"Basi wanatupa."

Lile neno liliniingia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijapita lile pazia, lakini mtaa mzima ulikuwa ukisema vivyo hivyo, kwamba mwenye duka hawezi kulala njaa, kwamba rafu tupu za mbele ni geresha. Nikaanza kuona aibu. Nilijiona natembea na umaskini wetu umefunikwa kawa, na watu wote wanajua kilichomo.

Basi siku moja mjomba alikuja kutoka Kigombe, akaleta uono, wale samaki wadogo, kifurushi cha kutosha kiganja. Mama alifurahi kama aliyeletewa mbuzi. Alikuna nazi nzima, akajaza hoho sita, na harufu yake ikajaa ukumbini mpaka nikajutia kufunga, ingawa saumu yangu ilikuwa ile ya watoto, ya kufungua adhuhuri kisha kufunga tena. Kisha nikashangaa kumwona anaziweka zote sita kwenye bakuli.

"Na sisi?"

"Sisi kuna muhogo. Nenda, zipeleke zingali moto. Na usiinue kawa."

Nilikasirika. Hebu fikiria: zote sita, kwa watu wa magunia, na sisi muhogo wa chumvi! Tatu akanifuata uchochoroni akinusa. "Leo kuna nini? Hebu tuone." Nikainua kawa. Naapa nilikusudia tuonje moja tu. Tuliigawa, tui likatutiririka viganjani. Kisha ya pili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ndogo. Baada ya hoho ya tatu hapakuwa tena na sababu. Tulikula tu, tumechuchumaa nyuma ya ukuta wa Mama Yasmini, huku upande wa ndani namsikia yule bibi akikohoa. Tulipomaliza nililipangusa bakuli kwa jani la mpapai, nikakaa kidogo ili muda upite, nikarudi nyumbani.

Mama alipokea, akainua kawa.

"Hakutia kitu?"

"Hakutia."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema."

Alilipindua bakuli, akatazama chini yake, kama kwamba kuna kitu kimenata huko. Kisha akalirudisha kwenye rafu taratibu. Kama ningekuwa na akili ya kuchuma hata ndimu moja nikaitia mle, yote yaliyofuata yasingefuata. Hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia.

Kesho yake mama alipika hoho za kuchoma, lakini bakuli hakulishusha. Nikamuuliza leo sipeleki? Akasema bila kunitazama, "Tusiwachoshe watu. Mtu akikurudishia chombo kitupu amekwisha kukwambia kuwa imetosha." Nami, ndugu msomaji, nilifurahi. Msafara wa hoho ulikuwa umekwisha, na Tatu hakuwa na la kusema.

Siku ya tatu au ya nne, nikitoka chuoni jioni, Mama Yasmini alikuwa amesimama kwenye mlango wake wa nyuma, ameuacha wazi kidogo.

"Shikamoo, Mama Yasmini."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona kimya? Anaumwa?" Nikatikisa kichwa. Akashusha sauti. "Nimemkosea, Mishi? Mwambie kama nimemkosea anisamehe. Mwambie bibi anamuulizia."

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Ningemwambia vipi bila habari ya bakuli kutoka? Sikukuu mosi mama na Mama Yasmini wakakutana uchochoroni, wote wawili wamevaa khanga zilizofuliwa, wakapeana mkono wa Idi kama watu waliojuana jana. Nilikuwa nimeshika nguo ya mama. Kisha mama akanivuta tukapita.

Haukupita mwezi, yule bibi akafariki. Mama alikwenda matangani na mimi nikamfuata. Wanawake wakaingia jikoni kutafuta cha kupikia, mama akiwa mbele, na ndipo kwa mara ya kwanza nilipita nyuma ya lile pazia. Sikuona gunia hata moja. Palikuwa na debe la unga lililopinduliwa likakaliwa kama kigoda, na jiko la mkaa lenye majivu makavu. Kwenye ua wa nyuma, mndimu uliokwisha chumwa wote, kijishina cha nanaa kilichobaki vijiti, na msitu wa asumini ukutani, umechanua.

Mama alisimama katikati ya jiko lile muda mrefu. Kisha akaenda akakaa kando ya Mama Yasmini, akamshika mkono. Baada ya arubaini, Yasmini na mumewe walikuja na gari kutoka Mombasa wakamchukua mama yao. Duka likafungwa kwa kufuli, na barua hatukupata.

Tangu hapo kila Ramadhani mama alisema maneno yaleyale. Anaweza kuwa anakuna nazi, au anapepeta mchele, akasimama. "Yule mwenzangu nilimdhulumu. Alikosa hata ndimu ya kunitilia bakulini, na mimi nikanuna." Mzigo ulikuwa wangu, akaubeba yeye, mwaka baada ya mwaka, na mimi nikakaa pale pale nikimsikiliza. Nikamaliza la saba nikimsikiliza. Nikafungua genge langu, na zikaja siku hizi za ruksa, bidhaa zikaruhusiwa tena. Mlango wa duka la Mama Yasmini ukafunguliwa na watu wengine, wakapanga sabuni za kila rangi na madumu ya mafuta mpaka nje kibarazani. Na mama bado anasema, "Angekuwapo yeye leo."

Ramadhani iliyopita nikashindwa. Tulikuwa wawili jikoni, hoho ziko juu ya makaa, nazo zikaanza ile tsss yao. Nikamwambia yote: Tatu, uchochoro, jani la mpapai, salamu nilizozimeza. Nilisema nimeinamisha kichwa, nikingoja kofi ambalo lilistahili kunifika nikiwa na umri wa miaka tisa.

Kofi halikuja. Nilipoinua macho nikamkuta anatabasamu, machozi yanamshuka.

"Kumbe hakulirudisha tupu," alisema. "Alhamdulillahi. Kumbe mwenzangu hakuwahi kunirudishia bakuli tupu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa furaha ile sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Alifurahi kwa ajili ya shoga yake, kwamba heshima yake imebaki nzima, wala hakuanza na kosa langu. Ndipo nikaelewa nilichokila siku ile nyuma ya ukuta. Nilikuwa nimekula maneno ya wanawake wawili ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuambizana kuwa hali ni ngumu. Ndimu mbili, ndimu moja, nanaa, ua. Mama Yasmini alikuwa akisema kila siku, na mama akimjibu kwa hoho, na katikati yao alikuwa akipita mtoto anayecheka.

Mama alizigeuza hoho upande wa pili kwa vidole vyake vilivyozoea moto. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua:

"Zilikuwa tamu, lakini? Zile za uono?"

"Tamu, mama," nikasema.

"Ehee. Nilizitilia nazi nzima."