Siku Nilipoipeleka Shilingi Kumi Kwenye Mizani ya Nyama

Aibu hii soko zima la maziwa hapa Garissa linaijua, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi na Halima tunauza maziwa ya ngamia meza moja, lakini kibanda chetu kina kivuli cha mtu mmoja tu, na jua letu mnalijua, maziwa yakikaa nje hadi adhuhuri yamechacha, hasara ni yako. Basi kila asubuhi tunarusha shilingi kumi: ikilala simba juu, kivuli ni cha Halima, ikilala ngao, ni changu. Siku kumi zikapita, Halima akapata mara nane. Nane! (Mimi roho yangu ni ya kushuku, nahesabu mbuzi mara mbili hata wakiwa wawili.)

Siku hiyo ya kumi nikainyakua sarafu, nikaing'ata, nikakimbia nayo kwa muuza nyama jirani yetu aipime na sarafu nyingine ya shilingi kumi. Zikawa sawa. "Basi na mizani yako imehongwa!" nikamwambia mbele ya wateja wake, kisha nikarudi nikapaza sauti, "Halima ni mwizi wa kivuli!" Alijifunika uso kwa shungi akalia, na huyu, jamani, ndiye aliyeninyonyeshea mwanangu nilipolazwa.

Mpwa wangu Ifrah, anayesomea hesabu chuoni, akasema, "Edo," yaani shangazi, "ngoja kwanza." Akawaomba wanawake ishirini, kila mmoja airushe sarafu hiyohiyo mara kumi, ahesabu simba zake, aweke kokoto mkekani kwenye namba aliyopata. Kokoto zikarundikana katikati, kwenye nne, tano na sita, na pembeni zikawa chache, lakini zilikuwepo: mama mmoja mbili, mwingine nane.

"Wengi huangukia katikati," Ifrah akasema, "ila wakiwa wengi hawakosi wa pembeni, bila hila yoyote."

"Uongo!" nikasema. "Leteni nirushe kwa mkono wangu!"

Nikarusha mara kumi. Simba nane. Wallahi, nane.

"Mwizi ameshikwa!" muuza nyama akapiga kelele, na soko zima likaangua kicheko.

Kwetu ukimvunjia mtu heshima hadharani unatoa haal, fidia ya kumsafisha jina, na mimi nilitoa mbili: shungi jipya kwa Halima, na mbuzi kwa muuza nyama (kesho yake akaniuzia mguu wa mbuzi huyohuyo bila hata kupunguza bei). Halima akapokea, akasema, "Yameisha, abaayo, dada yangu. Kesho turushe."

Tangu hapo ngao imelala juu siku sita mfululizo. Mimi niko kivulini, Halima juani, maziwa yake yanachacha, na hajaikagua sarafu wala kuuliza. Naapa sitampima tena mtu kwa hesabu ya siku kumi. Lakini laiti Halima angenishuku, hata kidogo tu, aibu yangu ingepungua.