Mafuta Mabovu ya Gari la Rimoti

Sisi tuliokulia kijijini Daudi wakati koroboi ndiyo taa, tulijua thamani ya mafuta kabla hatujajua kusoma. Mama alinituma dukani na chupa iliyofungwa kamba shingoni, nami niliibeba kwa mikono miwili njia nzima ya kurudi. Ukivunja sahani ulisamehewa, lakini ukimwaga mafuta ya taa, labda mama awe amekwenda msibani ndipo unusurike.

Tulisomea mwanga wa koroboi, na asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi tii. Mwalimu wetu wa darasa la tatu aliwatambua waliofanya kazi ya nyumbani kwa kuwachungulia puani. Nyie mnaosomea simu siku hizi, hata pua zenu hazina ushahidi.

Na mafuta hayo hayakumwagwa kamwe. Hata yale mashapo ya chini ya dumu, yenye kutu na nzi waliokufa, yalikuwa na kazi yake. Mama alituchokonoa funza kwa pini kisha akapaka mafuta penye tundu, ukaruka uani mguu mmoja kama kuku mwenye kamba. Yalinyunyizwa kwenye njia ya siafu. Yalipakwa kichwani kuua chawa, tukaingia kanisani ukoo mzima tukinuka duka. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, ila hilo alilisema kila wiki: "Mafuta hayamwagwi. Mafuta yanatafutiwa kazi."

Magari pia tulikuwa nayo, msidhani hatukuwa nayo. Langu lilikuwa la waya, magurudumu ya kandambili zilizokatika, usukani mrefu unaoshikwa umesimama. Injini ilikuwa mdomo. Kutoka kwetu mpaka kisimani ulinguruma mpaka midomo ikafa ganzi, na kwenye mlima ulibadilisha gia, na gari likizama kwenye tope ulishuka kulisukuma, ingawa hukuwa umepanda. Halikuwahi kukosa mafuta hata siku moja.

Nimeyasema haya ili mnielewe, maana Krismasi iliyopita nilifanya jambo ambalo mpaka sasa sijajisamehe.

Binti yangu Upendo anatengeneza simu Arusha. Alikuja nyumbani na gari la kuchezea alilopewa na mteja aliyekuwa anahama nchi. Gari lenyewe si kubwa kuliko kuku, linaendeshwa kwa rimoti, lakini lina injini ya kweli na linakunywa mafuta yake maalumu, mekundu kama sharubati, yenye harufu tamu ya spiriti. Mwanamke wa miaka ishirini na nane, kutoka Arusha na gari la kuchezea kwenye begi! Alilivuta kamba asubuhi nzima likakohoa tu.

"Mafuta yameharibika, baba," akasema. "Chupa ilifunguliwa mwaka jana, yamenyonya unyevu."

"Mafuta yanaharibikaje? Ni maziwa hayo?"

"Yanaharibika. Nitayarudisha Arusha kwa wanaojua kuyamaliza. Usiyamwage, baba, na usiyaguse. Ni sumu, na moto wake ni mbaya."

Nikacheka kweli. Kizazi hiki, nikamwambia mama yangu, kinasafirisha mafuta mabovu kwa basi kwenda na kurudi. Mama naye akacheka. Ana miaka themanini na kitu, anakaa na mimi tangu mke wangu afariki, na baridi ya Daudi imemwingia magotini, kwa hiyo hata jua likiwa utosini anavaa blanketi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake uani akinisubiri niwashe jiko. Tulikuwa tumechinja mbuzi, na kuchoma nyama ni kazi yangu.

Mkaa ulikuwa umelowa mvua ya juzi. Nilikosa mafuta ya taa ya kuuwashia, kwa sababu siku hizi nani ananunua mafuta ya taa, umeme upo. Lakini dirishani ilikuwepo ile chupa nyekundu. Nilimsikia Upendo akikatakata vitunguu jikoni. Nikasema moyoni, marehemu baba angenishangaa: mafuta haya hapa, na mkaa huu hapa.

Nikamimina kiasi cha kikombe kwenye mkaa. Nikawasha njiti, nikairusha.

Kimya. Jua lilikuwa kali, mkaa mweusi vilevile, hakuna mwali wala moshi. Nikawasha njiti ya pili, nayo ikapotelea humohumo.

"Haujawaka," mama akasema. Yeye ndiye aliyenifundisha moto, na macho yake ya mbali bado mazima.

"Haujawaka," nikamjibu. "Kweli yamekufa."

Mama akainama na kijiti kuusogeza mkaa pamoja, kama alivyofanya maisha yake yote. Pindo la blanketi likagusa jiko. Mimi nilikuwa naifungua chupa niongeze, nikatupa jicho kwake, nikaona kitu ambacho akili ilikataa kukipokea. Blanketi lilikuwa linapungua. Pindo lilijikunja, likawa jeusi, likatoboka, tundu likapanda kuelekea kifuani kwake, na hapakuwa na moto. Nawaambia sikuona moto! Niliona hewa tu ikitikisika, kama inavyotikisika juu ya bati wakati wa kiangazi, na mama akiutazama mkono wake kwa mshangao huku anaukung'uta.

"Unauma," akasema. "Mwanangu, kuna kitu kinauma."

Nami nilisimama. Naandika hili kwa aibu: mtu mzima, mwalimu mstaafu, nilisimama na chupa ya mafuta mkononi hatua mbili kutoka kwenye moto, nikijiuliza mama anaumwa na nini.

"Baba, tupa chupa! Nyuma! Nenda nyuma!" Ni Upendo. Alitoka jikoni na beseni la maji ya kuoshea nyama, akammwagia bibi yake yote, damu na kila kitu, akalivuta blanketi akalitupa mbali, kisha akarudi na ndoo mbili zaidi, moja akaimwaga kwenye majani ambako sikuwa najua kama kunawaka. Ndipo mkaa ulipofuka mvuke nikaelewa kwamba jiko lilikuwa linawaka tangu njiti ya kwanza.

Zahanati tulimkuta muuguzi kijana, mgeni wa mkoa huu. Akamwamkia mama, "Shikamoo bibi," akaanza kuukagua mkono ulioungua mpaka kwenye kiwiko.

"Ameungua na nini?"

"Moto," nikasema.

"Moto mkubwa?"

"Hatukuuona."

Akanitazama, akasogea karibu kidogo. Najua alikuwa ananinusa pombe. Upendo ndiye aliyemweleza kwamba mafuta yale ni jamii ya spiriti, na kwamba yakiwaka juani mwali hauonekani. Alieleza polepole, bila kunitaja. Afadhali angenitukana.

Mkono umepona, namshukuru Mungu, ingawa ngozi imebaki imekunjamana na vidole viwili havifungi vizuri. Mafuta yaliyobaki Upendo aliyarudisha Arusha kwenye chombo chake. Anasema kuna watu wenye magari ya namna ile wanaoyachanganya kidogo kidogo na mapya kuzoeshea injini mpya. Kumbe yana kazi, ila ni kazi ya wanaoyajua, na mimi sikuuliza. Enzi zetu hatari ilijitangaza: mafuta ya taa yalinuka, moto ulikuwa mwekundu, nyoka alisikika kwenye majani. Sasa sumu inanukia kama peremende, na sisi tunaojiona tunajua kila kitu ndio tunaoshika chupa.

Nilipokuwa na miaka saba, mama alianza kunituma kwa jirani kuomba moto. Niliubeba kwenye kigae, makaa yamefunikwa majivu, upepo wa mlimani ukinisukuma, kondoo wa watu njiani. Nikifika, mama hakuwa amesimama mlangoni kunichungulia. Alikuwa ameshapanga kuni na kubandika chungu, kwa sababu hakuwa na shaka kwamba moto utafika na mimi nitafika nao.

Siku hizi nina miaka sitini na mmoja. Jikoni tumerudia kuni, na kila jioni ni mimi ninayewasha. Mama akisikia kiberiti kinatikisika mkononi mwangu, anashika fimbo yake, anainuka taratibu, anakokota kigoda mpaka ng'ambo ya uwanja kwa ule mkono mzima.

"Subiri, mwanangu," ananiambia kwa upole. "Subiri kwanza nikae mbali."